Jina Lililoshuka

Kila asubuhi Tumpe alikuwa na mazoea yake madogo. Alichukua karatasi ya kwanza kutoka kwenye mashine ya chapa, ikiwa bado na joto na harufu ya wino, akaibana kwa vibanio vya nguo kwenye kamba iliyopita mbele ya dirisha. Akamimina chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati. Kisha akalaza shingo kwenye bega la kushoto na kuanza kusoma majina.

Majina yalipanda. Hivyo ndivyo yalivyokuwa majedwali ya Nyumba ya Chapa ya mji wa Tukuyu. Kaya zilikaa juu, kila moja na safu yake nyembamba, na kwa kuwa majina ya watu wa milimani ni marefu na karatasi haiongezeki, kila jina lilizungushwa nyuzi tisini, likasimama wima na kusomeka kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayepanda ngazi. Wapanga kurasa walijulikana mji mzima kwa shingo zao zilizoegemea upande mmoja. Sokoni wauza viazi waliwatania: "Wa chapa huyo anakuja. Mchagulieni viazi vilivyopinda, ndivyo atakavyoviona vimenyooka."

Asubuhi hiyo chai haikufika mdomoni. Macho ya Tumpe yalipanda jina la mama Mwaisumo, yakapanda jina la Kasyupa fundi mbao, halafu yakateleza. Akarudia. Yakateleza tena, kama mguu unaokanyaga kipandio kisichokuwepo. Polepole, kama mtu anayeogopa kuonekana, alihamishia kichwa kwenye bega la kulia. Jina likasomeka bila taabu yoyote, kutoka juu kwenda chini.

Ambokile Mwakifuna.

Katika ukurasa mzima, majina yote yalikuwa yanapanda. Hilo moja lilikuwa linashuka.

Tumpe aliweka kikombe chini, akatazama mlangoni. Hakukuwa na mtu.

Kama Msomaji angekuwa mtu, jambo hilo lingekuwa kosa la kuchekwa tu. Mtu akikuta jina limelala upande mwingine, anageuza shingo, anacheka, anaendelea. Lakini Msomaji alikuwa jicho la kioo kwenye shingo ya chuma, limefungwa ukutani mwa ua, na jicho hilo halikuwa na mazoea ya kujiuliza. Lililetwa baada ya Mwaka wa Uongo, pale ujumbe wa simu ulipoghushiwa vizuri kiasi kwamba watu wa vitongoji viwili walikimbilia kwenye maporomoko ya udongo badala ya kuyakimbia. Tangu hapo ilikubaliwa kwamba hakuna amri itakayotiiwa isipokuwa iliyochapwa kwa wino na kutundikwa hadharani, mbele ya macho ya watu na ya mashine. Msomaji aliusoma ukurasa kwa sauti, na alichokisoma kilitendeka: magari yasiyo na dereva yalipanda mlimani, yakabisha hodi, yakawashusha watu hadi kambini kabla udongo haujashuka nao. Asichokisoma hakikutendeka.

Na Msomaji alifundishwa kwamba vichwa vya safu hupanda. Kichwa kinachoshuka alikiona kama doa, au kama mstari wa jedwali ulionenepa. Alikiruka. Safu isiyo na kichwa, wapanga kurasa walikuwa wakisema, haina mwenyewe.

Tumpe aliketi mbele ya kioo cha kompyuta na kuufungua ukurasa wenyewe, ule wa maandishi na amri. Juu kabisa amri ya kuzungusha ilikuwa imeandikwa mara moja tu, nyuzi tisini, nayo ikatawala safu zote. Ila kwenye kisanduku cha mzee Ambokile kulikuwa na amri ya peke yake. Tisini ileile, na mbele yake alama ya hasi, fupi kuliko kipande cha ukucha.

Amri haijiandiki.

Tena aliyeiandika hakuwa na haraka. Jina likizungushwa huchukua urefu wake na kuufanya kimo, na jedwali lisipoambiwa, mstari wa juu hulikata kichwa. Huyu aliongeza kimo kidogo juu na kidogo chini, jina likakaa katikati ya kisanduku chake, limepumua, halikugusa popote. Mwizi anayefuta nyayo zake, Tumpe aliwaza, si mwizi wa kubahatisha.

Chini ya ukurasa kulikuwa na alama ya mpangaji. Ilikuwa ya Sekela.

*

Sekela aliingia akikung'uta ukungu kwenye koti, kitenge kimefungwa kichwani kwa fundo lake la siku zote. Yeye ndiye aliyemfundisha Tumpe kazi alipotoka chuoni akiwa hajui hata pa kuweka mikono. Alimfundisha kutazama nafasi nyeupe kabla ya kutazama herufi. Alimtetea alipoharibu kurasa. Kwa hiyo Tumpe alipomwona leo, alijikuta anamchunguza kama mtu anayenunua maziwa kwa mgeni, na akajichukia kwa hilo.

"Ugonile, mdogo wangu. Mbona umekaa kama umeona nyoka?"

"Nimelala vibaya, dada. Shingo."

"Shingo ni mshahara wetu wa pili." Sekela alicheka, akatundika koti. "Umeshaitoa ya leo?"

"Ipo kambani. Tusome?"

"Hata sijapasha mikono moto!"

"Mvua inakuja."

Ilikuwa kanuni ya nyumba: hakuna ukurasa unaotoka bila kusomwa na watu wawili. Mmoja anasoma kwa sauti kutoka kwenye karatasi, mwingine anafuata kwa kidole kwenye orodha ya kaya. Sekela alilaza shingo kushoto, akaanza. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mwanakwaya. Mama Mwaisumo, watu wanne, mgonjwa mmoja. Kasyupa, watu saba. Kisha akakohoa kidogo, akasema, "Na huyo," akaendelea na jirani.

Alifanya hivyo siku zote. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu mzee Ambokile alikuwa baba mkwe wake. Desturi hiyo vijana walidhani imekufa. Kumbe katika miaka ya maporomoko, watu walipojazana kambini bila nyumba wala makaburi ya kuyafagia, walitafuta kitu cha kushika kisichoweza kusombwa na matope, wakazishika desturi. Mkamwana hamtazami baba mkwe wake usoni. Hasemi naye. Wakikutana njiani, mmoja anageukia majani. Na jina lake halitaji, si nyumbani, si kazini, wala kwenye jedwali.

Kidole cha Tumpe kilikuwa kimeruka safu ile mara nyingi mno, kwa heshima, bila kufikiri. Leo hakikusogea.

"Umesimama," Sekela alisema.

"Huyo ni nani, dada?"

"Unataka nilaaniwe asubuhi yote hii? Unamjua. Baba yake Gwakisa."

"Amekaa sawa?"

"Nani?"

"Jina lake. Limekaa sawa?"

Sekela hakuitazama karatasi. Hilo ndilo Tumpe aliloliona. Mtu akiulizwa kama jina limekaa sawa, hutupa jicho hata kama anajua jibu. Sekela alitazama kikombe cha bati.

"Yote yamekaa sawa. Kunywa chai yako, inapoa."

Lisemwalo lipo. Na lililosemwa mjini tangu masika yaliyopita ni kwamba Gwakisa, mume wa Sekela, alipofukiwa na udongo pale Ngulubi, kitongoji cha mlimani, mwili wake usipatikane, kilichobaki kati ya mjane wake na shamba la parachichi la kileleni ni uhai wa mzee mmoja tu. Tumpe alikuwa akiyasikia maneno hayo na kuinuka kwenye benchi aondoke. Sasa yalikuja yenyewe, yakakaa karibu yake kama paka wa jirani.

Mlango ulisukumwa. Alikuwa Lwitiko, mkuu wao, mtu mnene mwenye haraka.

"Wanangu, karatasi! Wingu limekaa juu ya mlima kama kuku anayeatamia. Watu wameanza kujaa uani."

"Wino haujakauka, mkuu," Tumpe alisema, na masikio yakamwaka moto. Hakuwa na kipaji cha uongo.

"Wino gani huo? Wa siku hizi unakauka kabla mtu hajamaliza kupiga chafya." Alimtazama, akamtazama Sekela, akaitazama tena kamba. "Nikizunguka nikirudi, naichukua. Wino ukichuruzika na uchuruzike."

*

Alipotoka, Tumpe alirudi kwenye kompyuta bila kusema neno. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo ya kuchekesha. Kufuta alama moja, kuchapa upya, kubana kambani. Aliweka kidole juu ya kibonyezo.

Mkono wa Sekela ulitua juu ya mkono wake. Ulikuwa bado wa baridi.

"Umeona lini?"

"Leo." Tumpe hakuinua macho. "Dada, niambie umekosea. Nitasema na mimi nilikosea, tutacheka, basi."

"Sijakosea."

Nje sauti za watu ziliongezeka. Mtoto alikuwa akilia, mtu akimwita mtu kwa mluzi.

"Magari yatakwenda Ngulubi," Tumpe alisema. "Yatabisha kwa Kasyupa, yatabisha kwa mama Mwaisumo. Kwake yatapita kama hakuna nyumba. Udongo ukija atakuwa ndani."

"Najua."

"Watu watasema ni shamba."

Sekela aliangua kicheko, kicheko kibaya, kisicho na furaha. "Shamba! Mlima ukishuka, shamba litarithiwa na mto. Na wewe ndivyo unavyofikiri? Sema tu. Afadhali wewe uniambie usoni."

Tumpe alikaza macho kwenye kibonyezo. Hilo lilikuwa jibu, na wote wawili walilisikia.

Sekela alivuta kiti, akaketi kama mtu aliyetembea mbali. "Alituma neno," alisema. "Kupitia mama Mwaisumo, maana mimi na yeye hatusemi. Mwambieni mkamwana wangu aniache nilipo. Mwanangu yumo katika udongo huu, na mimi nitakaa naye. Basi. Ndiyo maneno yote niliyowahi kupata kwake tangu niolewe, na yalikuja na bakuli la njegere."

"Ungemkatalia."

"Kwa mdomo gani? Mkamwana anambishia baba mkwe? Na ukumbuke bibi Syabumi, masika yale. Hakutaka kushuka. Msomaji alikuwa amemsoma, magari hayajui kubembeleza, yakamfunga mikanda na kitanda chake. Alikaa kambini akiwa ameelekeza uso ukutani mpaka akafa. Huyo aliokolewa, Tumpe. Kwenye hesabu za Msomaji yule bibi aliokolewa."

Tumpe alimkumbuka. Alikumbuka mguu mmoja ulioning'inia nje ya mkanda, umevaa soksi ya sufu.

"Kwa hiyo nimemgeuza," Sekela aliendelea, kwa sauti ndogo. "Ninavyomgeukia njiani. Nikamwachia nafasi juu na chini, asibanwe. Ndiyo heshima pekee niliyobaki nayo. Unaweza kuifuta hiyo alama, sitakuzuia. Lakini ujue ni wewe utakayekuwa umemfunga mikanda."

Kidole cha Tumpe kilibaki juu ya kibonyezo. Akikibonyeza, mzee angeishi bila kuulizwa. Akiondoa mkono, mzee angekufa kwa hiari yake, kama kweli ilikuwa hiari yake. Na mashaka, yakishaingia moyoni, hayaishii kwa mtu mmoja. Yalihama kutoka kwa Sekela yakaenda kwenye neno lenyewe, neno lililopita kinywa cha mama Mwaisumo na bakuli la njegere. Nani alijua mzee alimaanisha nini?

"Msomaji ataiona safu isiyo na kichwa," Tumpe alisema. "Atauliza."

"Atamwuliza aliyeupanga ukurasa. Anaijua sauti yangu, ya kwako haitamfaa kitu. Nitakaa kimya mpaka kengele yake ya kungoja jibu iishe na safu iachwe. Kukaa kimya nimezoea."

"Umeniambia anachotaka yeye. Umeniambia desturi inataka nini. Wewe unataka nini, dada?"

Sekela alikaza fundo la kitenge chake. "Mkamwana hana kutaka," alisema.

Lwitiko aliingia kama upepo, akachomoa vibanio, akaondoka na karatasi.

*

Ua ulijaa makoti na miavuli na harufu ya majani mabichi ya migomba ambayo watu walijifunika. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa na machache. Lwitiko aliutundika ukurasa chini ya kibanda cha kioo, akasogea pembeni. Shingo ya chuma ilijinyoosha, jicho likashuka hadi karibu na karatasi, na sauti ya Msomaji, isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke, ikaanza kupanda majina.

Tumpe alisimama mlangoni. Nyuma yake, kwenye kivuli cha mlango, Sekela alikuwa ameshusha kitenge mpaka machoni na kugeukia ukuta, kwa sababu mzee Ambokile alikuwa uani.

Alikuja. Tumpe hakuwa ametegemea hilo. Alikuwa mwembamba, mrefu, amevaa koti la mvua la njano lililompwaya mabegani. Koti la Gwakisa, kila mtu alilijua. Naye kwa adabu alikuwa ameupa mlango mgongo, asije akamwona mkamwana wake. Watu wote uani walikuwa wamelaza shingo kushoto wakifuatilia majina. Mzee peke yake alikuwa ameilaza kulia.

Alikuwa anajisoma.

Msomaji akasema, "Kasyupa, watu saba." Kisha akanyamaza kidogo, akaruka, akaendelea na jirani. Mabega ya koti la njano yalishuka. Tumpe alitazama kwa mashaka yaleyale yaliyomtesa tangu asubuhi, ila sasa yalikuwa yanamwonyesha kitu. Mtu aliyepata alichoomba hasimami hivyo. Mzee alisimama kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe na kusikia ndani wakizima taa.

Jicho lilifika mwisho wa ukurasa. "Safu moja haina kichwa," Msomaji alisema. "Aliyeupanga ukurasa ataje jina." Na kengele ikaanza kulia, polepole, kwa pumziko kati ya mlio na mlio.

Lwitiko aligeuka, uso umemwiva. "Nani kaupanga huu?"

Tumpe, ambaye tangu utotoni alikuwa akijificha nyuma ya watu warefu kanisani ili asiombwe kusoma, alirudi hatua moja ndani ya kivuli na kunong'ona sikioni mwa Sekela.

"Dada, kutoka Ngulubi mpaka hapa ni mteremko wote ule, na miguu ile. Mtu anayetaka kuachwa haji kusikiliza kama ameachwa."

Kengele ililia.

"Si mashine inayokuuliza," Tumpe alisema. "Ni yeye. Kakutumia swali ukadhani ni amri."

Fundo la kitenge lilitikisika. Sekela aligeuka kutoka ukutani, akampita Tumpe, akatoka kwenye mvua. Watu walimwona, wakaanza kujitenga kumpisha, kwa mazoea, wakidhani anatafuta njia ya kumkwepa mzee. Hakumkwepa. Alikwenda moja kwa moja hadi nyuma ya koti la njano, akasukuma kitenge kikarudi kisogoni. Mama mmoja alishika mdomo. "Yesu wangu! Mkamwana anamwendea!"

"Baba," Sekela alisema.

Mzee hakugeuka. Hakusogea pia.

"Ulituma neno, nikalitii. Sikukujibu kwa sababu sina ruhusa ya kukujibu." Sauti ya mwanakwaya ilikuwa imekwaruza. "Sasa nakujibu. Sitaki uachwe. Sikutaka tangu mwanzo. Gwakisa yuko mlimani na mimi ninalia peke yangu huku chini, na wewe unalia peke yako kule juu, na tunaita hiyo heshima. Nataka uje ukae kwangu. Lakini sitakufunga mikanda. Ukikataa, nitanyamaza, kengele iishe."

Kengele ililia. Maji yalitiririka kwenye mikunjo ya koti.

"Na mlimani nani atakaa naye?" mzee aliuliza, akiwa bado ameupa mlango mgongo.

"Tutapanda wote. Mvua ikiisha, tutapanda mimi na wewe."

Ndipo alipogeuka. Aligeuka taratibu, mwili mzima, kama mtu asiyeiamini ardhi anayoikanyaga, na kwa mara ya kwanza tangu harusi akamtazama mke wa mwanawe usoni. Watu wengine waligeuka upande ili wasione.

"Kumbe una macho ya kahawia," alisema. Kisha: "Basi litaje. Litaje vizuri, halijawahi kupita mdomoni mwako."

Sekela aliinua uso kulielekea jicho la kioo.

"Ambokile Mwakifuna," alisema, kwa sauti iliyofika hadi barabarani. "Safu yake ina mwenyewe. Mwenyewe ni mimi."